Moyo Ukisimamishwa, Matumbo Hupata Nini?

Kabla ya kuanza kusoma, kila mmoja na aweke vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wake, upande wa kidole gumba, akae kimya kidogo. Utasikia kitu kinabisha chini ya ngozi. Huo ndio mpigo wa moyo. Kila mara moyo ujikazapo husukuma damu, nayo damu huupiga ukuta wa mshipa kama wimbi lipigavyo ubavu wa chombo. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hata 100 katika dakika moja. Moyo wa mtoto huweza kwenda mbio zaidi kidogo.

Sasa nitawaambia jambo ambalo asiyelijua atadhani ni hadithi. Katika hospitali nyingi za dunia, saa hii tunaposoma, yuko mtu aliyelala juu ya meza na moyo wake umesimama kabisa. Ukimshika mkono husikii kubisha hata kidogo, naye yu hai. Baada ya saa moja, au mbili, au tatu, moyo wake utaamshwa, nao utaanza kazi yake tena. Kazi hiyo ya waganga huitwa upasuaji wa moyo wazi. Watu wakisikia habari zake huuliza juu ya moyo, na pengine juu ya ubongo. Mimi nataka tuulize juu ya matumbo. Msicheke, mtaona kwamba hata waganga wakuu hukesha kwa sababu ya matumbo.

Kwanza yatupasa kujua maana ya shinikizo la damu. Zamani aliishi Uingereza kasisi mmoja, jina lake Stephen Hales, aliyependa sana kupima mambo ya wanyama na mimea. Alimfunga farasi jike chini, akatia mrija katika mshipa wake mmoja, na juu ya mrija huo akasimamisha bomba refu la kioo. Damu ikapanda ndani ya kioo zaidi ya futi 8, yaani kupita kimo cha mtu mrefu. Farasi yule alikufa, na habari zake zilichapwa kitabuni mwaka 1733. Hivyo watu wakajua ya kuwa damu haimo mishipani kama maji yaliyotulia mtungini, bali inasukuma kwa nguvu nyingi. Mwaka 1896 Mwitalia Scipione Riva-Rocci alitengeneza kitambaa cha kufunga mkononi na kujazwa hewa, na tangu hapo watu hupimwa pasipo kutobolewa. Nguvu ile hupimwa kwa milimita za zebaki. Kwa mtu mzima mwenye afya yapata 120 moyo ujikazapo, na 80 unapopumzika. Lakini moyo hupumzika muda mrefu kuliko ujikazavyo, kwa hiyo wastani wake si 100, bali ni kama 93. Shikeni neno hili, wastani, maana ndilo litakalotumika mbele.

Jambo la pili ni gumu kidogo, nami sikulifahamu vema mpaka nilipofikiri juu ya mifereji ya Wachaga. Ninyi mliofika Kilimanjaro mmeiona. Mlimani juu pana banio lizuialo maji ya mto, na kutoka hapo mfereji mkuu huteremka ukigawanyika, mkono huu kwa kihamba cha fulani, mkono ule kwa cha mwingine, hata kufika mashamba ya chini. Tufanye kwamba yuko mzee aliyepewa kazi ya kuchunga mfereji, naye ana fimbo. Kila asubuhi huitumbukiza fimbo yake katika mfereji mkuu, karibu na banio. Maji yakifika alama, hurudi nyumbani kwa furaha. Siku moja maji yamepungua mtoni. Mzee, ili alama yake ifikiwe, aenda akaziba kwa udongo mikono kadha wa kadha ya mfereji. Maji yakajaa tena mpaka alama. Fimbo yasema, "Mambo ni mema." Lakini migomba ya chini inanyauka, kwa sababu mikono iliyozibwa ndiyo iliyokuwa ikiinywesha.

Fimbo ya mzee ndiyo kipimo cha shinikizo la damu. Yapima kimo cha maji pale banioni, haipimi maji mangapi yamefika shambani. Kimo cha maji na wingi wa maji yapitayo ni mambo mawili, ingawa ni ndugu.

Haya, turudi kwa mgonjwa wetu aliye mezani. Nani aliyefaulu kwanza kuufungua moyo huku mashine ikifanya kazi yake? Zaidi ya miaka 20 kabla ya 1953, daktari kijana wa Marekani aitwaye John Gibbon aliwekwa katika mji wa Boston akeshe kando ya mwanamke aliyekuwa hatarini. Damu iliyoganda ilikuwa imeziba mshipa uendao mapafuni. Kazi ya Gibbon ilikuwa kupima mpigo na shinikizo lake kila dakika 15 na kuandika. Usiku kucha akaandika, na hesabu zikawa zinashuka. Asubuhi wakubwa wake wakampasua mgonjwa upesi upesi, wakaitoa ile damu iliyoganda, lakini hakuamka. Katika kukesha kule Gibbon akawaza: kama ingaliwezekana kuitoa damu ile nyeusi katika mishipa yake, kuitia oksijeni nje ya mwili, na kuirudisha, mwanamke huyu angalipona. Akafanya majaribio miaka mingi pamoja na mkewe Mary, wakitumia paka. Tarehe 6 Mei 1953, mjini Philadelphia, akaziba tundu katika moyo wa msichana wa miaka 18, na kwa dakika 26 mashine ilifanya kazi yote ya moyo na mapafu. Msichana akapona. Nimependa sana habari hii kwa sababu ilianza kwa kijana aliyeamriwa kazi ndogo ya kuandika hesabu, naye hakusinzia.

Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki wengi wanaohitaji upasuaji huu ni watoto na vijana. Chanzo chake mara nyingi ni kidogo mno: koo linalouma. Vijidudu fulani vya koo visipotibiwa huweza kuleta homa iitwayo rumatiki, na homa hiyo huharibu vilango vya moyo, ambavyo waganga huviita vali. Vilango vikiharibika, damu hurudi nyuma au hukosa njia ya kupita. Penisilini ya bei ndogo ingaliweza kuyazuia hayo yote. Siku hizi upasuaji wa namna hii hufanywa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015, na pia Tenwek, hospitali ya misheni iliyoko Bomet, nchi ya Kenya.

Basi tufanye kwamba mgonjwa wetu ni kijana wa miaka 20, na kilango kimoja cha moyo wake kimeharibika. Amelazwa usingizi. Kifua kimefunguliwa. Mirija minene imetiwa katika mishipa mikubwa irudishayo damu moyoni, nayo yaiongoza damu mpaka katika mashine. Humo damu hutiwa oksijeni, hupozwa au kupashwa moto kama itakiwavyo, kisha bomba huisukuma irudi katika mshipa mkuu utokao moyoni. Ili damu isigande katika mirija, mgonjwa hutiwa dawa iitwayo heparini. Na dawa hii, wanafunzi, hutengenezwa zaidi kwa ngozi nyororo ya ndani ya matumbo ya nguruwe! Kisha moyo hutiwa maji ya dawa yenye potasiamu nyingi, nao hulegea na kusimama.

Kando ya mashine huketi mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu. Ndiye achungaye banio. Kwa mtu mzima hupitisha lita 4 au 5 za damu kila dakika, karibu sawa na kazi ya moyo wenyewe. Mbele yake hesabu ya shinikizo huonekana daima. Moyo haupigi, kwa hiyo hakuna 120 wala 80. Bomba husukuma mfululizo, na kilichopo ni ule wastani tu. Waganga wengi hujitahidi kuuweka kati ya 50 na 80.

Na matumbo je? Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa kama mita 6. Ndani yake umejaa vijidole vidogo sana visivyohesabika, kama manyoya ya mahameli, na kazi yao ni kunyonya chakula. Vijidole hivyo vimefunikwa kwa seli zilizopangwa safu moja tu, nazo hufa na kuzaliwa upya kila siku 3 hata 5. Mbele zaidi, katika utumbo mpana, wamo bakteria matrilioni. Wakikaa mahali pao ni rafiki zetu. Kati yao na damu yetu hakuna kitu ila ute na ile safu moja ya seli. Hilo ndilo boma letu, nalo ni jembamba kuliko karatasi.

Boma hili lataka oksijeni nyingi, maana halilali. Mtu akiwa ametulia, karibu robo ya damu yote itokayo moyoni huenda katika tumbo, matumbo, ini na wengu. Lakini mwili una sheria yake ya siku za njaa. Damu ikipungua, ubongo na moyo hupewa kwanza. Matumbo, figo na ngozi hungoja. Hata ninyi mkikimbia, mwili huibana mishipa ya matumbo ili damu iende miguuni. Hapana dhara, kwa kuwa mbio zaisha upesi. Lakini mtu aliyesimamishwa moyo, aliyefunguliwa kifua, na damu yake kupita katika mirija, mwili wake huona kuwa ni siku ya hatari kuu. Humwaga ndani ya damu vile vitu viamshavyo woga na vita, na mishipa ya matumbo hubanwa, si kwa dakika chache tu, bali kwa saa nzima na zaidi.

Kijidole cha utumbo nacho kina udhaifu katika umbile lake. Mshipa uletao damu hupanda katikati, na mishipa iirudishayo hushuka karibu sana nao. Kwa hiyo sehemu ya oksijeni hupenya njiani kutoka mshipa upandao kwenda mshipa ushukao, kabla ya kufika nchani. Siku za neema ncha haijali. Siku za shida ncha ndiyo ifayo kwanza, kama mgomba wa mwisho wa mfereji.

Sasa yaja saa ya shida. Hesabu ya mgonjwa wetu ilikuwa 65. Inashuka 58, 50, 45. Mwenye mashine anaisema kwa sauti ili wote wasikie. Waganga watafanya nini?

Iko dawa iitwayo noradrenalini, ambayo huibana mishipa. Ukiitia, hesabu hupanda mara moja, na kila mtu chumbani huona raha. Lakini tumekwisha kujua mzee wa mfereji alivyofanya. Dawa hii hubana mishipa mingi, na ya matumbo ni miongoni mwayo. Ukiitia nyingi huku damu ipitayo haitoshi, kipimo kitasoma 70 na matumbo yatakuwa na njaa kuliko yalivyokuwa kwa 50.

Kwa hiyo mganga mwenye busara huuliza kwanza: je, damu ya kutosha yapita? Kama bomba laweza kuongezwa, huongezwa. Je, damu yenyewe imekuwa nyepesi mno kwa maji yaliyomo mashineni, hata haichukui oksijeni ya kutosha? Je, dawa ya usingizi imezidi? Je, mwili unapashwa moto? Maana mwili uliopozwa hutaka oksijeni kidogo, bali ukianza kupashwa moto hudai mara, na ndiyo saa ambayo matumbo huweza kupungukiwa. Wakiisha kutazama hayo, ndipo hutia dawa ya kubana, kwa kipimo kidogo kitoshacho. Sisemi kwamba dawa hiyo ni mbaya. Mara nyingine mishipa yote imelegea kama kamba iliyolowa, na damu ingawa ni nyingi haina nguvu ya kwenda popote. Hapo dawa huokoa maisha. Shinikizo likishuka mno nayo matumbo hufa vilevile, maana maji hayapandi kilima kwa kuombwa. Ubaya ni kutazama fimbo peke yake.

Basi watajuaje kama shamba la chini limenyweshwa? Huitazama damu irudiyo mashineni. Ikirudi nyeusi mno, ni dalili kwamba mwili umeinyang'anya oksijeni yote kwa uchu. Hupima katika damu kitu kiitwacho lakteti, ambacho huzidi seli zikosapo oksijeni. Huangalia mkojo, kwa sababu figo ni jirani ya matumbo katika kungoja zamu. Hata hivyo hakuna kipimo kati ya hivi kisichoweza kudanganya. Damu irudiyo imechanganyika, ya kichwani na ya miguuni na ya tumboni, na shida ya mmoja huweza kufichwa na shibe ya wengine.

Tena boma likibomoka, shida huzaa shida. Vipande vya bakteria, vilivyo sumu, hupenya na kuingia katika damu. Mwili hushtuka, huanza vita juu ya adui asiyeonekana, na katika vita hiyo mishipa ya mwili mzima hulegea. Shinikizo hushuka tena. Waganga huzidisha dawa ya kubana. Matumbo hubanwa zaidi. Mwaona jinsi duara linavyozunguka.

Waganga wenyewe wamebishana sana juu ya hesabu iliyo njema. Mjini Copenhagen, nchi ya Denmark, wagonjwa 197 waligawanywa mafungu mawili wakati wa kupasuliwa. Fungu moja shinikizo lao liliwekwa kati ya 40 na 50, na fungu la pili kati ya 70 na 80 kwa nguvu ya noradrenalini. Lakini wingi wa damu iliyopitishwa ulikuwa mmoja kwa wote. Kisha ubongo wao ukapigwa picha. Habari zake zilitolewa mwaka 2018: majeraha mapya ya ubongo hayakupungua katika fungu la shinikizo la juu. Jaribio hilo lilitazama ubongo, si matumbo, wala halituruhusu kusema kwamba shinikizo si kitu. Lakini kwa akili yangu ya ualimu, naona limemjibu yule mzee wa fimbo.

Kilango kipya kimekwisha kushonwa. Damu yenye joto yaingia katika misuli ya moyo, nao watetemeka, kisha wapiga. Protamini hutiwa ili kuondoa nguvu ya heparini, na mirija hutolewa. Ndugu wa mgonjwa walioko nje huambiwa, "Moyo wapiga," nao humshukuru Mungu, na ni haki yao. Muuguzi wa zamu ya usiku, yeye bado anatazama tumbo. Wagonjwa wanaopatwa na taabu kubwa ya matumbo baada ya upasuaji huu ni wachache, labda 1 au 2 katika kila 100. Lakini katika wale ambao utumbo wao umekosa damu hata ukaanza kufa, mara nyingi zaidi ya nusu hawapone. Tena mgonjwa aliye katika usingizi wa dawa hawezi kusema, "Naumwa." Kwa hiyo muuguzi hupapasa tumbo aone kama limevimba, hutazama kama choo kina damu, na kama lakteti inapanda badala ya kushuka. Akiona hayo huita mganga usiku uleule, hangoji mapambazuko.

Kwa wengine, walio wengi, matumbo husinzia tu kwa siku moja au mbili, hasa kwa sababu dawa kali za maumivu huyatuliza kupita kiasi. Zamani mgonjwa aliachwa na njaa siku nyingi. Siku hizi mganga hupenda aanze mapema, mara nyingi katika siku ya kwanza au ya pili, kwa chakula chepesi kidogo kidogo; na asiyeweza kumeza hutiliwa kwa mrija, mradi shinikizo lake limetulia wala hahitaji dawa nyingi za kubana. Sababu yake ni kwamba seli za utumbo hupata sehemu ya riziki yao katika chakula chenyewe kipitacho mbele yao. Mgonjwa huketishwa kitandani, kisha husimamishwa, kisha hutembezwa hatua chache, na kutembea nako huamsha matumbo.

Siku ya tatu kijana wetu ameketi, kifua kingali kinamwuma. Muuguzi amwuliza kwa sauti ya chini kama ametoa upepo. Kijana aona haya, ainamisha kichwa, ajibu kwamba ametoa alfajiri. Muuguzi atabasamu, aandika katika karatasi yake, aenda kumletea uji.

MASWALI. Chora mfereji wenye banio na mikono mitatu, uonyeshe mahali mzee alipotumbukiza fimbo, na mahali migomba iliponyauka. Mtu ana shinikizo la 110 moyo ujikazapo na 80 upumzikapo: wastani wake ni karibu na 90 au karibu na 100, na kwa nini? Mashine ikipitisha lita 4 kwa dakika, itapitisha lita ngapi katika dakika zile 26 za Gibbon? Kwa nini ncha ya kijidole cha utumbo hufa kabla ya shina lake?